Laptopu moja ya kuchora na ya 3D: nyembamba yenye kalamu au nene yenye kadi?

Swali: Habari mtaalamu. Nachora kwa Krita, programu ya uchoraji, huu mwaka wa tatu, kwa laptopu ya zamani ya RAM ya gigabaiti 8 na kibao cha kalamu cha kuchomeka kwa USB. Karibuni nimeanza kujifunza Blender, programu ya 3D, na mashine inalia kama inataka kupaa. Nimeonyeshwa mbili mpya. Ya kwanza ni nyembamba, kioo chake kinageuka hadi nyuma, ina kalamu yake, prosesa ya Core i7, RAM 16, lakini haina kadi ya grafiki ya kujitegemea. Ya pili ni nene, ya wacheza gemu, ina kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 4060 na RAM 16, kioo chake si cha kugusa. Muuzaji anasema ya kwanza ndiyo ya wasanii. Na mimi, kusema kweli, moyo uko huko huko. Nitakuwa nakosea?

Jibu: Ungekuwa unachora tu, ningekuambia kaichukue ya kwanza, na jibu hili lisingefika aya ya pili. Kuchora juu ya kioo chenyewe, jicho na mkono vikiwa mahali pamoja, ni raha ambayo kibao cha kuchomeka hakikupi. Kilichovuruga hesabu ni Blender. Kazi hizi mbili tunaziita kwa jina moja, sanaa ya kidijitali, lakini kila moja inaikamua mashine upande wake, na neno "laptopu ya wasanii" halikuambii ni msanii gani.

Tuanze na uchoraji, maana huo umeshauzoea. Chukua turubai ya ukubwa wa A3 kwa ubora wa kuchapishwa, yaani nukta 300 kwa inchi. Hizo ni pikseli 3508 kwa 4961, jumla zaidi ya milioni 17. Kila pikseli ina baiti 4: nyekundu, kijani, buluu na uwazi. Kwa hiyo leya moja (tabaka moja la mchoro) iliyopakwa rangi kote inakula karibu megabaiti 70 za RAM, na leya 40 za namna hiyo zinafika gigabaiti 2.8. Ukihamia biti 16 kwa kila rangi, zidisha mara mbili. Bado hujahesabu hatua za kurudi nyuma, kwa sababu kila unachoweza kukitengua lazima kiwe kimehifadhiwa mahali fulani. Weka na kivinjari kilichofunguliwa picha ishirini za kuangalizia, utaelewa RAM 8 yako ilipigia magoti wapi.

Brashi nayo ni jasho la prosesa. Krita inaitumia kadi ya grafiki kukuonyesha turubai, kuizungusha na kuivuta karibu, lakini hesabu ya rangi chini ya brashi kubwa inafanywa na prosesa. Ndiyo maana wachoraji wengi wanaishi miaka na miaka bila kadi ya kujitegemea na hawaoni pengo. Mchoraji anachohitaji ni prosesa yenye kasi, RAM ya kutosha, kioo kisichodanganya rangi na kalamu tulivu. Basi.

Kwenye 3D mambo yanagawanyika. Ndani ya Blender kuna kazi tatu ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kuunda umbo: kuvuta pembe, kukata nyuso, kupanga viungo. Hii si nzito mpaka umbo liwe kubwa sana. Ya pili ni kuchonga, unapolifinyanga umbo lenye poligoni milioni kadhaa kama udongo. Hapo prosesa na RAM ndizo zinazobeba mzigo. ZBrush iko hivyo hivyo, na anayeshinda ndani yake siku nzima hafaidi sana kadi kubwa. Ya tatu ni kurenda, pale unapoiambia mashine: haya, sasa piga hesabu ya mwanga wote huu unipe picha.

Kwenye kurenda ndipo kadi inapoonyesha ubavu. Cycles, injini ya kurenda iliyomo ndani ya Blender, inafuata njia ya mwanga, mwale baada ya mwale, na kadi ya grafiki imeundwa kufanya maelfu ya hesabu za aina moja kwa wakati mmoja. Piga hesabu ndogo. Umetengeneza katuni ya sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde. Hizo ni fremu 240. Kama kadi inamaliza fremu moja kwa dakika 2, umeshamaliza kwa saa 8: unalala, unaamka, kazi iko tayari. Kama huna kadi na prosesa inachukua dakika 12 kwa fremu hiyo hiyo, ni saa 48, siku mbili usiku na mchana, na muda wote huo huwezi kuchora chochote kwenye mashine hiyo. Halafu unaitazama na kugundua mkono wa mhusika umepenya mezani kwenye fremu ya 31.

Kwa hiyo jibu langu ni ya pili, ile nene. Lakini usiende kulipa leo, kwa sababu jina "RTX 4060" peke yake halijakuambia kitu cha maana.

Kwanza, wati. NVIDIA inawaruhusu watengenezaji wa laptopu kuilisha RTX 4060 umeme wa kuanzia wati 35 hadi 115. Jina ni lile lile, stika ni ile ile, lakini iliyobanwa kwenye kasha jembamba kwa wati chache na iliyoachiwa kupumua kwa wati 115 si mashine moja hata kidogo. Wati hizo huandikwa kwenye karatasi ya sifa ya modeli husika, mara nyingi kwa maandishi madogo, kando ya herufi TGP, yaani umeme wote unaopewa kadi. Zisipoandikwa, tafuta namba kamili ya modeli, ile ndefu iliyo chini ya laptopu, si jina la familia lililochapwa kwenye boksi.

Pili, kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo ni tofauti na RAM ya mashine. Hii naiweka juu kuliko kasi. Kadi ikiwa ya polepole utasubiri. Kumbukumbu yake ikijaa, Blender inakuletea ujumbe kwamba nafasi imekwisha na kazi inasimama, au inaanza kuazima RAM ya kawaida na mwendo unakuwa wa kobe. Tekscha, yaani picha inayovikwa juu ya umbo, moja ya pikseli 4096 kwa 4096 inakula megabaiti 64. Mhusika mwenye ngozi, nguo, viatu, nywele na begi, kila kimoja na tekscha zake nne (rangi, matuta, mng'ao, chuma), ana tekscha 20, yaani gigabaiti 1.25 kabla hujaweka nyumba wala mti. Kadi ya gigabaiti 4 itakuchosha mapema. Ya 6 inawezekana kwa nidhamu. Gigabaiti 8 ndicho kiwango ambacho watengenezaji wa Blender wenyewe wanakipendekeza, na RTX 4060 ya laptopu inazo hizo 8. Wakikushawishi upande kwenye RTX 4070 ya laptopu, jua kwamba nayo ina 8 hizo hizo: unaongeza kasi, nafasi ni ile ile. Ili upate 12 inabidi ufike kwenye RTX 4080, au RTX 5070 Ti katika kizazi kinachofuata.

Kadi za AMD na Intel nazo Blender inazitambua, na sisemi ni mbaya. Ila kwa Cycles njia ya NVIDIA ndiyo iliyokanyagwa na wengi, na zipo injini nyingine za kurenda ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikidai NVIDIA tu. Anayeanza hana haja ya kujitafutia ugumu. Kuhusu MacBook hukuuliza, kwa hiyo kwa kifupi: zenye chipu ya M3 na kuendelea zinarenda vizuri, ziko kimya, na kadi inakula RAM ya mashine nzima, jambo zuri. Lakini RAM hiyo huwezi kuiongeza baadaye, kioo hakipokei kalamu, na siku ukitakiwa kutumia 3ds Max kazini, haipo kwa Mac.

Sasa turudi kwenye ile inayogeuka, maana najua moyo haujatulia.

Umesema, kama kwa kupita tu, kwamba una kibao cha kuchomeka na umekitumia miaka mitatu. Hapo ndipo ulipojijibu. Kalamu yako tayari unayo, na haijafungwa kwenye mashine yoyote. Laptopu ikichakaa unakichomoa kibao na kukichomeka kwingine. Kwenye laptopu ya kugeuka, kalamu, kioo na mashine ni mwili mmoja. Sehemu inayoisoma kalamu ikifa, unabadilisha kioo kizima, na mara nyingi fundi atakushauri ununue mashine nyingine. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka huwa ni kadi, maana kasha jembamba halina pa kuutolea moto wa kadi yenye nguvu.

Zaidi ya hapo, kugeuza kioo nyuma si raha kama inavyoonekana kwenye tangazo. Kibodi inabaki chini, haifikiki, na mchoraji wa miaka mitatu bila shaka mkono wako wa kushoto umeshazoea vitufe vya njia ya mkato. Matundu ya hewa nayo huishia kulala mezani. Mimi nilikuwa nayo moja ya namna hiyo. Niliiacha usiku inarenda huku imelala kifudifudi, nikaikuta asubuhi imejizima kwenye fremu ya 190 na mgongo wake bado una joto. Tangu siku hiyo mashine ya kurenda naiweka imesimama, chini nimeinua kwa vitabu viwili.

Hata hivyo ukitaka kuijaribu, ijaribu kwa haki. Beba rula. Iweke juu ya kioo kwa mshazari, kisha pitisha kalamu kando yake taratibu sana, taratibu kuliko unavyochora kweli. Mstari ukitoka ulionyooka, sawa. Ukitoka na mawimbi kama nyoka anayeogelea, huo ni ugonjwa wa teknolojia ya kalamu, hautatibiwa kwa mipangilio. Kalamu za mfumo wa EMR, zile zisizo na betri ambazo Wacom ilizitangaza, kwa kawaida hutulia zaidi kwenye jaribio hili kuliko zile za mifumo mingine, AES na MPP, zinazowekwa kwenye vioo vyembamba. Kisha ishike kalamu kwa vidole viwili uiache iguse kioo kwa uzito wake tu. Ikiacha alama hafifu, ni kalamu nzuri. Ikikataa mpaka uibonyeze, mikwaruzo yako myepesi yote itapotea. Kuhusu ngazi za mgandamizo, 4096 au 8192, usipoteze usingizi; mkono wa binadamu hauitofautishi.

Kuna sehemu moja ambayo ile nene inaweza kukuangusha wewe mchoraji, nayo ni kioo. Laptopu za gemu huuzwa kwa kasi ya kioo, hertzi 144, hertzi 165, na rangi zinaachwa kando. Ukiona kwenye sifa zake "45% NTSC", kimbia. Maana yake ni kwamba kioo kinaonyesha karibu theluthi mbili tu za rangi za sRGB, ambazo ndizo rangi za kawaida za picha za mtandaoni. Unachotafuta ni 100% sRGB, au 72% NTSC, ambayo inakaribiana nayo.

Ubaya wa kioo kibovu hauuoni ukiwa nacho. Niliwahi kuchora uso wa bibi mmoja kwenye laptopu ya gemu yenye kioo cha namna hiyo. Ngozi ilikuwa inaonekana imepauka, nikaongeza rangi ya machungwa mashavuni, bado imepauka, nikaongeza tena, nikaweka na wekundu kidogo puani. Nikaridhika. Nilipoifungua kwenye kioo kizuri cha rafiki yangu, bibi wa watu alikuwa kama ametoka kuungua jua wiki nzima. Kioo kilikuwa kinanipunguzia rangi, na mimi nikawa nafidia bila kujua. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua picha yako mwenyewe uliyoizoea, ilinganishe na simu nzuri ukiwa umeshazima vipengele vyake vya kukoleza rangi. Fungua pia mteremko wa kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ukiona ngazi ngazi badala ya mteremko laini, au sehemu ya giza yote imekuwa shimo moja jeusi, hicho kioo si chako. Laptopu ikiwa nzuri kwa yote isipokuwa kioo, bado inaweza kuokolewa kwa monita ya nje yenye rangi za kweli. Kadi dhaifu haina wa kuiokoa.

RAM 16 itakutosha kuanzia, ila lenga 32. Swali la kuuliza ni moja: inaongezeka? Nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi na ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Nyingi nene zina nafasi mbili. Usitegemee mdomo wa mtu: fungua Task Manager ya Windows, upande wa utendaji, sehemu ya Memory, uone imeandika nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukikuta kijiti kimoja cha RAM cha 16 kwenye nafasi moja kati ya mbili, umepata bahati. Siku ukiongeza cha pili kinachofanana nacho, unapata 32 na kasi inapanda vilevile kwa sababu vijiti viwili vinasomwa kwa pamoja. Diski ya SSD, gigabaiti 512 zitajaa haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo angalia kama kuna nafasi ya pili ya kuongeza.

Jaribio la mwisho ndilo watu wengi hawalifanyi, na ndilo ninalolipenda. Blender inapatikana kama folda ya kubeba kwenye flashi, haihitaji kusakinishwa. Weka humo na faili lako moja la 3D linalochosha. Omba robo saa. Chomeka chaja, kwa sababu kwa betri peke yake kadi hupunguziwa umeme na utaihukumu bure. Ingia kwenye mipangilio ya Blender, sehemu ya System, uchague OptiX, njia ya kurenda kwa kadi za NVIDIA, na kuwasha kadi. Halafu kwenye mipangilio ya Cycles uhamishe kazi kutoka prosesa kwenda kwenye kadi. Hatua hii wengi wanaisahau hata baada ya kununua, wanaishi na kadi ghali isiyofanya lolote. Sasa renda fremu ile ile mara tatu mfululizo na uandike muda. Ya kwanza sekunde 60, ya tatu sekunde 63, hiyo mashine inapumua. Ya kwanza 60, ya tatu 95, joto linaikaba na inajipunguza yenyewe. Hata iwe na wati ngapi kwenye karatasi, iache hapo hapo. Muuzaji akikataa kukupa robo saa, hilo nalo ni jibu.

Sasa, kuna hali moja ambayo ningegeuza ushauri wangu wote. Wachoraji wengi hawaingii Blender ili watengeneze katuni. Wanajenga chumba cha maboksi, wanaweka kamera, wanapata mtazamo sahihi wa kuta na ngazi, wanapiga picha ya kioo (screenshot) na kurudi Krita kuchora juu yake. Kama wewe ni wa hao, na unajijua, Cycles huihitaji. Umbo la kijivu lisilo na tekscha, au Eevee, injini nyepesi ya Blender, kwa mandhari ndogo, linaendeshwa hata na grafiki iliyo ndani ya prosesa. Hapo ile nyembamba inarudi mezani, mradi kalamu yake ifaulu mtihani wa rula. Fungua folda yako ya Blender uangalie miezi hii umetengeneza nini, siyo unachotamani kutengeneza. Ukiona faili zenye wahusika, mifupa na fremu, usijadiliane na moyo tena.

Na siku utakapokichomeka kibao chako kwenye mashine mpya, usishtuke mstari ukitoka unene mmoja mwanzo hadi mwisho kana kwamba kalamu imekufa. Sakinisha kwanza programu ya kibao kutoka kwa watengenezaji wake, uizime na kuiwasha mashine. Ikiwa bado, nenda kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti, ubadilishe kutoka Wintab kwenda Windows Ink (njia mbili ambazo Windows huisoma kalamu), au kinyume chake, ufunge Krita na kuifungua upya.